Naambiwa kuhesabu ni kazi ya karani

Shikamoo Daktari.

Mimi ni binti wa miaka 24, nipo mwaka wa nne wa udaktari katika chuo kimoja hapa Tanzania. Naona wengi wanaokuandikia wanauliza habari za vidonda vya tumbo na presha. Langu ni tofauti kidogo, naomba usinicheke.

Masika iliyopita tulikuwa wodi ya watoto. Malaria ilikuwa imepamba moto, kitanda kimoja watoto wawili, mara nyingine watatu. Kila siku wanaletwa watoto waliopungukiwa damu, viganja vyeupe, wanahema kama wametoka kukimbia. Daktari anaandika damu, ndugu wanaambiwa watafute wa kuchangia, sampuli inapelekwa maabara, tunasubiri. Baada ya wiki mbili tatu nikaanza kuhisi kwamba wanaoletwa usiku wanasubiri zaidi. Nikanunua kaunta buku ya kwaya mbili, nikachora safu: jina la mtoto, namba ya faili, umri, saa damu ilipoagizwa, saa ilipotundikwa, na kilichotokea. Siku nilizochoka nilipiga picha faili kwa simu nikajaza kesho yake. Mpaka tunahama wodi nilikuwa na watoto 31.

Wa mchana walikuwa wanapata damu ndani ya saa mbili hivi. Wa usiku saa tano, saa sita. Watoto wanne walifariki, wote wa usiku. Watatu walisubiri sana. Wa nne ndiye aliyenichanganya, maana faili lake linasema damu iliagizwa saa 2:15 usiku na ikatundikwa 2:45. Nusu saa tu, na bado hakufika asubuhi. Yeye peke yake ananiharibia hesabu yote.

Nilimpelekea mhadhiri mmoja. Akafunua ukurasa wa kwanza, akanirudishia: "Wewe mwaka juzi ulikuwa na sapu, mtihani wa marudio, ya famakolojia. Soma kwanza, utafiti ni wa maprofesa." Wenzangu sasa wananiita Takwimu. Nyumbani ndiko kugumu zaidi. Baba ni mwalimu mstaafu, amenisomesha kwa shida, mdogo wangu anaingia kidato cha tano na macho yote yako kwangu. Nilipomwambia natamani kuwa daktari mtafiti alinyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Daktari anatibu. Kuhesabu ni kazi ya karani."

Nimesoma kwamba Marekani mtu anasomea udaktari na uzamivu (PhD) kwa pamoja, anatoka na vyote viwili. Nitafute njia ya kuhamia huko? Au nimalize hapa, niachane na wodi, niende moja kwa moja kwenye shahada ya utafiti? Au Baba ndiye anayeona mbali kuliko mimi?

Mwenye Kaunta Buku

*

Marahaba, mwanangu. Nikucheke kwa lipi? Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu mkononi.

Lakini kabla hatujafika Marekani, chukua simu yako ufute hizo picha za mafaili. Zote, pamoja na nakala zilizojihifadhi zenyewe mtandaoni bila wewe kujua. Faili la mgonjwa ulifunguliwa ili ujifunze kumtibu. Mama wa mtoto hakukuruhusu uondoke naye mfukoni, ukapande naye daladala ambako simu huibiwa kila siku. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, ila hata kabla ya sheria hiyo udaktari ulikuwa na kiapo. Kaunta buku yenyewe, yenye majina, mkabidhi msimamizi utakayempata (nitakuja huko), mweleze bila kuficha ulivyoiandika, yeye na kamati ya maadili ya chuo waamue inafungiwa wapi au inachanwa. Usije ukajaribu kuiombea kibali leo kana kwamba hukuianza mwezi wa tatu. Data iliyochukuliwa bila kibali haitakasiki baadaye. Na habari njema ni kwamba huihitaji. Mafaili yapo, rejista ya benki ya damu ipo. Ukiandika proposo ya kurasa tano, kamati ikaipitisha, utayafungua mafaili hayohayo kwa haki, ukiwapa watoto namba badala ya majina.

Nimeanza na hilo si kwa kukukaripia. Wanafunzi wengi wanadhani kibali cha maadili ni mhuri tu wa kuchelewesha mambo, halafu wanakuja kujua thamani yake siku jarida linapokataa kazi yao ya miaka miwili.

Jambo la pili halisubiri kamati. Kama kweli damu ya usiku inachelewa, basi na usiku wa leo inachelewa. Nenda kwa sista mkuu wa wodi, kwa adabu, bila daftari na bila kutaja jina la mtu, umwambie ulichokihisi. Wodi nyingi za watoto zina kikao cha kujadili vifo. Omba swali lako liulizwe pale. Pengine sababu ni ndogo kiasi cha kuchekesha: mtu mmoja wa maabara anayehudumia hospitali nzima usiku, au funguo ya friji iliyo kwa mtu aliyelala nyumbani kwake. Mambo kama hayo hurekebishwa kwa kikao, hayahitaji chapisho.

Sasa Baba. Mwambie kuna karani mmoja anaitwa Profesa Julie Makani. Alisomea udaktari Muhimbili, akajikita kwenye selimundu. Mwaka 2004 pale Muhimbili walianza kumwandikisha kila mgonjwa wa selimundu anayekuja kliniki, wakamfuatilia miaka na miaka, wakawa na maelfu ya wagonjwa wanaojulikana kwa namba, kwa vipimo na kwa kilichowapata. Mgonjwa alitibiwa palepale alipohesabiwa. Kabla ya hapo daktari wa Dar es Salaam aliyetaka kujua mtoto wa selimundu wa Kitanzania anakufa kwa nini alilazimika kusoma habari za watoto wa Jamaika na Marekani. Mwaka 2011 Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, ilimpa tuzo. Huyo ndiye karani.

Na kama Baba ni mwalimu wa hesabu, mpe hii nyingine, maana ndiyo inayoonyesha kwa nini daktari asipohesabu anaweza kuua huku akidhani anaponya. Kwa miaka mingi vitabu vilielekeza kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye mzunguko wake wa damu umedhoofu, mikono na miguu baridi, apewe maji ya dripu mengi kwa haraka. Inaingia akilini. Mwili umekauka, ujaze. Nimewajaza watoto wengi mimi mwenyewe, na niliona wakichangamka baada ya saa moja, nikaenda kulala nikiwa nimeridhika. Kisha madaktari na manesi wa hospitali sita, Kilifi kwa upande wa Kenya, Muheza kwetu Tanga, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor kule Uganda, wakakubali kufanya jambo gumu: kulijaribu lile ambalo kila mtu alishaamini. Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walipewa maji ya haraka, wengine matone ya kawaida tu pamoja na matibabu yao. Kazi ilisimamishwa kabla ya kufikia idadi iliyopangwa, matokeo yakatoka mwaka 2011. Waliopewa maji ya haraka walifariki 10 hadi 11 katika kila 100 ndani ya saa 48. Wasiopewa, 7.

Siku niliposoma ukurasa ule niliweka kikombe cha chai chini sikukimaliza. Ni wangapi kati ya wale niliowaona wamechangamka saa ya kwanza walikufa saa ya ishirini, kwenye zamu ya mtu mwingine, nami sikujua? Daktari mwenye macho mazuri tu huona mgonjwa aliye mbele yake. Hawaoni wale mia kwa pamoja. Na zingatia, mwanangu, utafiti ule haukuweza kufanyika Boston, Marekani. Ulihitaji wodi kama hiyo uliyokuwamo, isiyo na mashine za kupumulia, na watu wa wodi hizo wanaojua mtoto wa malaria anavyohema.

Basi tuje Marekani. Ulichosoma ni kweli. Mwaka 1964 taasisi zao za taifa za afya zilianza kuvilipa vyuo vikuu vitatu vifundishe madaktari watafiti kwa njia hiyo ya shahada mbili pamoja, na leo vinavyolipwa ni makumi. Mwanafunzi husoma miaka ya kwanza ya udaktari, anatoka kwenda maabara kufanya uzamivu, kisha anarudi wodini kumalizia. Kwa wengi ni kama miaka 8. Lakini wanaanza baada ya shahada ya kwanza, na nafasi zinazolipiwa na fedha hiyo ya serikali ni za raia na wakaazi wa kudumu. Wewe uko mwaka wa nne. Kuanza upya ili upewe kwa miaka 8 kitu ambacho nusu yake tayari unayo mkononi ni kama kubomoa nyumba iliyofika lenta kwa sababu umeona ramani nzuri ya jirani. Tena hata kwao si njia pekee. Brown na Goldstein, waliopata Nobel mwaka 1985 kwa kugundua namna seli zinavyoondoa kolesteroli kwenye damu, hawakuwa na uzamivu, wote wawili. Walikuwa madaktari wa wodini, walikutana wakiwa kwenye mafunzo ya ubingwa hospitalini Boston, na swali lao lilitoka kwa watoto waliokuwa na kolesteroli ya juu mno tangu kuzaliwa.

Njia ya hapa kwetu ni ndefu na haina alama barabarani, ila ipo. Unamaliza MD, yaani shahada yako ya udaktari, unafanya mwaka wa intanshipu, yaani mazoezi ya kazi hospitalini, unapata leseni. Hapo unaweza kukaa mwaka mmoja au miwili kwenye mradi wa utafiti kama daktari wa mradi, Bagamoyo kwenye Taasisi ya Afya Ifakara, au Moshi, au Mwanza, ukajifunza jinsi jaribio linavyoendeshwa kuanzia fomu ya kwanza. Kisha ubingwa, miaka mitatu, ambao nao una tasnifu. Uzamivu unafuata, na wafadhili wengi wa mafunzo ya watafiti wa Afrika wanapenda zaidi mtu aliyekwisha kuwa daktari anayeaminika kuliko mwanafunzi mwenye ndoto. Kituo cha utafiti cha Kilifi wana utaratibu wao wa kulea vijana kuanzia ngazi ya chini kabisa. Fuatilia matangazo yao. Kuna waliopita mkato, wakaruka ubingwa wakaenda uzamivu moja kwa moja. Wapo waliofanikiwa sana. Mimi sikushauri.

Nitakwambia kwa nini. Nilikaa miaka minne ng'ambo nikisoma, sigusi mgonjwa. Niliporudi zamu ya kwanza, mtoto wa miezi minane, amekauka, nesi ananiangalia. Nikatafuta mshipa mkono wa kulia, nikaukosa. Wa kushoto, nikaukosa. Mguuni nikautoboa. Nesi, mama mtu mzima, akanichukulia sindano mkononi bila kusema neno, akaupata kichwani kwa mara moja, akafunga plasta. Kisha ndipo akasema, "Karibu nyumbani, Daktari." Wodi nzima ilijua kufikia jioni. Ilinichukua karibu mwaka mzima kabla ya manesi wale kuniamini kiasi cha kunieleza mambo wanayoyaona usiku, na bila hayo mtafiti wa wodini hana swali. Swali lako la damu ulilipata kwa sababu ulikuwapo saa tisa usiku. Ukiondoka wodini, chemchemi nayo umeiacha huko.

Yule mhadhiri alikosea kukurudishia daftari bila kulisoma, lakini neno lake moja lishike: usidisko, yaani usiondolewe chuo kwa kufeli, kwa ajili ya utafiti. Mwaka wa nne haucheki na mtu. Panga kazi hii ndani ya likizo ndefu, na uifanye ndogo kiasi kwamba itaisha. Swali moja, wodi moja, mwaka mmoja wa mafaili. Nimeona proposo za wanafunzi zinazotaka kumaliza malaria.

Mlezi usimtafute kwa ukubwa wa jina. Maprofesa wakubwa hawana muda, watakujibu baada ya miezi mitatu, "endelea vizuri." Tafuta daktari kijana anayesomea ubingwa wa watoto, ambaye naye anahangaika na tasnifu, tafuta mtu mmoja wa maabara ya damu, maana bila yeye hutaelewa nini kinatokea kati ya sampuli kufika na chupa kutoka, na mnunulie chai mtakwimu wa chuo kabla hujakusanya chochote, si baada. Kisha, na hili watu wetu huona haya kulitamka, andikeni mapema karatasi moja: nani atafanya nini, nani atakuwa mwandishi wa kwanza. Kazi yangu ya kwanza ilichapishwa jina langu likiwa la tano, nami ndiye niliyejaza fomu zote usiku kwa taa ya chemli. Sikuwa nimeuliza. Nilidhani kuuliza ni utovu wa adabu.

Kuhusu fedha sitakudanganya. Ajira za miradi ni za mkataba, mradi ukiisha na mshahara umeisha. Bodi ya Mikopo itakata asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi hata kama mkataba ni wa mwaka mmoja. Daktari wa hospitali binafsi mwenye zamu mbili atakuzidi kipato kwa miaka mingi ya mwanzo, na pengine siku zote. Kwa hiyo usimpelekee Baba neno "mtafiti". Mpelekee mpango: namaliza MD, nafanya intanshipu, napata leseni, ada ya mdogo wangu nitasaidia kuanzia mshahara wa kwanza, na katikati ya hayo nitaendelea kuuliza maswali. Mwalimu aliyesahihisha madaftari miaka thelathini anajua maana ya mtoto anayeuliza. Huenda kilichomtisha ni kwamba hakusikia neno "leseni" hata mara moja.

Nimebakiza hesabu yako, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Kwanza, watoto wa usiku si lazima wawe sawa na wa mchana. Mtoto anayeletwa saa nane za usiku mara nyingi amekaa nyumbani tangu mchana, mama akisubiri baba arudi na hela ya bodaboda. Anafika hoi zaidi. Akifariki, ni damu iliyochelewa au safari? Kwa hiyo kwenye safu zako ongeza hali aliyofika nayo: kiwango cha damu, anahema vipi, ana fahamu au hana.

Pili, yule mtoto wa nusu saa. Umeandika damu iliagizwa saa 2:15 usiku ikatundikwa 2:45. Nani aliandika ile ya kwanza? Kama ni daktari wa zamu anayeandika kwa saa yetu ya Kiswahili, saa 2:15 usiku ni muda wa taarifa ya habari, watu wanakula. Na nani aliandika ya pili? Benki za damu nyingi huandika kwa saa 24, na kwao 02:45 ni saa nane na dakika arobaini na tano, usiku wa manane. Kama ndivyo ilivyokuwa, mtoto yule hakusubiri nusu saa. Alisubiri saa sita na nusu.

Usifurahi haraka lakini. Tofauti ya saa yetu na saa ya Kizungu ni saa sita kamili, na saa sita ndizo ulizozikuta kwa watoto wako wa usiku. Yawezekana baadhi yao walipata damu mapema tu, ila saa zao ziliandikwa na watu wawili wanaohesabu siku kwa namna mbili. Jambo hilohilo linaweza kuikuza hoja yako au kuifuta kabisa, na kwa kaunta buku uliyonayo hakuna anayeweza kujua ni lipi. Rejista ya mapokezi inaonyesha alifika lini. Karatasi ya manesi ya dawa na joto inaonyesha nani alikuwa zamu. Chupa ya damu ina muda wake ilipotoka kwenye friji.

Kibali kikitoka, anza na faili la mtoto huyo.